Darsa ya Ramadhani, Siku ya 17: Mtoto Aliyelia Usiku



Ndugu zangu, leo ni siku ya Badr. Kila mwaka siku hii tunasimulia vita. Leo tutazame kinachofuata vita vikiisha: nani anapata chakula, na kwa utaratibu gani.

Zama za Sayyidna Umar (Allah amridhie), baada ya Yarmuk na Qadisiyya, mali iliingia Madina kwa wingi usiowahi kuonekana. Umar akaanzisha diwani, yaani daftari la majina ya wanaopewa kutoka Baitul Mali. Kwenye fedha watu waliwekwa kwa daraja, na waliopigana Badr wakapangiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka.

Lakini kwenye chakula hakukuwa na daraja. Imepokewa kwamba aliamuru unga wa jarib moja (kipimo cha nafaka cha zama zile) ukandwe, uokwe mikate, itiwe mafuta, akaita watu 30 wakala mchana wakashiba. Jioni akafanya vile vile. Sasa piga hesabu: jarib mbili zimeshibisha watu 30 siku moja, basi zitamshibisha mtu mmoja siku 30. Akapanga kila mtu apate jarib mbili kwa mwezi, mwanamume, mwanamke, hata mtumwa. Kipimo chake alikipata kwenye matumbo ya watu.

Pamoja na uangalifu wote huo, alikosea.

Watoto walipangiwa posho pale tu wanapoacha kunyonya. Kanuni ina mantiki, si ndiyo? Anayenyonya ana chakula chake. Usiku mmoja Umar na Abdurrahman bin Auf walikuwa wakilinda msafara wa wafanyabiashara uliopiga kambi Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Allah na amtazame mwanawe. Akaondoka, kilio kikarudi. Akaenda tena, na tena. Mwisho yule mama, asijue anaongea na nani, akamjibu kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar hampi kitu mtoto anayenyonya.

Alfajiri ile Umar aliswalisha, na watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Akajilaumu kwa watoto wangapi wa Waislamu wamekufa kwa ajili yake. Kisha akatangaza: msiwaharakishe watoto kuacha ziwa, kila anayezaliwa ana posho yake. Akawaandikia na magavana wake wote.

Tazama hapo, ndugu yangu. Hakusema yule mama ni mjanja. Hakusema kanuni ni kanuni. Kanuni ilimliza mtoto, kanuni ikabadilishwa asubuhi.

Nami nina la kusema juu ya nafsi yangu. Mwaka jana, kwenye kugawa Zakatul Fitr hapa msikitini, nilipitisha kwamba kila mwenye kadi aje mwenyewe, asitume mtu. Nia ilikuwa kuzuia wanaochukua mara mbili. Siku ya pili ya Idi nikapita kwa bibi mmoja ambaye miguu haimchukui tena. Kadi yake ilikuwa chini ya mto. Unga wake tulikuwa tumeurudisha stoo, na mbele ya jina lake tumeandika "hakufika." Wallahi, bibi yule alikuwepo siku zote. Sisi ndio hatukufika.

Basi mwaka huu hakuna kanuni ile. Asiyeweza kuja, tunamfuata. Nahitaji vijana 10 wenye miguu na subira, nitumieni ujumbe binafsi kabla ya Ijumaa. Ukimjua mgonjwa, mjane au mzee asiyetoka ndani, nitumie jina lake kwangu, usilitaje hadharani.

Na wewe mjumbe wa mtaa au mtumishi unayeandika majina ya msaada wa serikali, daftari hilo ni amana. Ukilifunga, jiulize: nani analia nje ya daftari hili? Katika Suratul Insaan Allah anawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Mateka, jamani! Mtu wa upande wa adui naye ana fungu lake la chakula.

Yaa Allah, tusamehe tuliowasahau, na tupe masikio ya kusikia kilio cha usiku. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.