Njia ni ya Nani?

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na rasi za Ziwa Kivu. Wabelgiji waliupangia watu wachache. Leo Ibanda, Kadutu na Bagira zimejaa watu, na wengi huenda kwa miguu. Je, njia ni ya nani: ya mwenye motokari, au ya mama apandaye Kadutu na mzigo mgongoni? Motokari si mbaya; humfikisha mgonjwa hospitalini. Lakini ibebapo mtu mmoja hushika nafasi ya wengi, na moshi wake huvutwa na asiyeipanda. Basi haki yadai kwanza njia ya miguu, ngazi imara mtelemkoni, na basi la wote. Nawe upatapo motokari, kumbuka ulivyotembea.