Barabara Ni ya Nani?

Ukitoka tao ukashika Waiyaki Way, ukapita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, uko kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru, Eldoret na mpaka wa Malaba. Sisi tunaokaa huku magharibi mwa jiji tunaijua kwa steji na jam zake. Kwa dereva wa lori la Kampala, huku kwetu ni kipande tu cha safari iliyoanza bandarini Mombasa. Swali linalonisumbua ni hili: barabara ni ya anayepita, au ya anayekaa kando yake?

Kisheria jibu ni rahisi. Katiba ya 2010 iliacha barabara kuu mikononi mwa serikali ya kitaifa, zile ndogo zikaenda kwa kaunti. Ndiyo maana mama anayechoma mahindi Kangemi anaweza kumlipa kanjo kila siku, na bado siku moja akakuta alama ya rangi nyekundu kwenye kibanda chake, ati amekaa kwenye hifadhi ya barabara. Lakini sheria inasema nani anasimamia tu. Nani anastahili ni swali lingine, na ni la zamani.

Mwaka 1890 Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu huku Dagoretti, alipatana na Lugard, aliyekuwa safarini kwenda Uganda. Misafara ilihitaji chakula na mahali pa kupumzika. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikamatwa katika ngome ya Fort Smith, akapelekwa upande wa pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi. Muda si mrefu Kapteni Sclater akaja kufungua barabara ya mikokoteni kutoka Kibwezi huko huko kuelekea ziwani. Mwenyeji aliyewakaribisha wapitaji alikuwa ameshaondolewa njiani. Leo barabara yetu ina jina lake, na ni vizuri. Ila jina halijatuambia mpitaji ana haki gani juu ya mwenyeji.

Kuna atakayesema: bila hao wapitaji, mama angemuuzia nani mahindi? Ni kweli. Dawa, mafuta na unga hufika bara kwa barabara hii, na mwenyeji anayemfungia mgeni njia hana utu. Mimi mwenyewe nikipanda mat nataka ikimbie. Kwa hiyo sisemi barabara ziwe nyembamba.

Ninachosema ni kwamba barabara kubwa huunganisha walio mbali na kutenganisha majirani. Kila ikipanuliwa, Nakuru inakaribia na ng'ambo inakwenda mbali. Anayekwenda Eldoret anaokoa dakika kadhaa. Anayevuka kwenda sokoni anapanda ngazi za daraja na gunia mgongoni, au anakimbia kati ya magari. Tena tunamlaumu: si daraja lipo? Lipo, lakini mwulize nyanya mwenye magoti mabaya. Faida imekwenda kwa mmoja, gharama amebeba mwingine, na huyo mwingine hakuulizwa.

Mwaka 2022 tuliongezewa barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ni ya kulipia. Nduthi haziruhusiwi, watembea kwa miguu ndio kabisa. Angalau pale anayefaidika anaonekana na analipa. Lakini nguzo zake zimesimama chini, kwa wale wasiopanda, na hesabu ya tozo haina safu ya kivuli, vumbi na mzunguko mrefu wa kufika ng'ambo.

Naamini haki ya barabara ipimwe kwa upana wake kabla ya urefu: ni rahisi kiasi gani kuivuka? Anayepita ana haki ya kupita. Lakini kasi yake ni kitu anachoomba kwa wenyeji, na anayeomba hulipa: kwa kivuko cha chini kwa chini ambacho mzee anaweza kutembea, kwa taa, na kwa nafasi ya halali ya jiko la mahindi kabla tingatinga halijafika.

Waiyaki Way itapanuliwa tena, hilo sina shaka. Watahesabu magari yatakayopita kwa saa moja. Kabla ya hapo, naomba waende Kangemi saa kumi na mbili asubuhi na kuwahesabu watoto wa shule wanaosubiri kuvuka.