Zawadi ya Mikono



Mungu alipomwumba mtu hakumwumba kama alivyoumba nuru. Nuru aliiamuru tu, nayo ikawa. Bali habari ya mtu imeandikwa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kwamba Mungu alitwaa udongo akamfinyanga. Mafundi wa vyungu vijijini wanafahamu maana ya neno hilo kuliko watu wengi waliosoma. Mama anayefinyanga huchimba udongo kando ya mto, huutwanga, huondoa vijiwe na mizizi, huuchanganya na unga wa vigae vya chungu cha zamani, kisha huupandisha mviringo juu ya mviringo, akiulainisha kwa kokoto. Halafu hukiweka chungu kivulini siku nyingi, maana kikianikwa juani kwa haraka hupasuka. Na siku ya kuchoma, kimoja au viwili hupasuka hata hivyo. Basi mtu akipewa chungu na mama yake, amepewa pamoja nacho siku zile zote, na maumivu ya mgongo, na hofu mbele ya moto.

Vitu vya dukani visidharauliwe. Kijana aliyevunja mawe mgodini mwezi mzima, akamnunulia mama yake kitenge, amempa mikono yake vilevile. Mamajusi nao walimletea Mtoto Yezu dhahabu, wala hakuna aliyewauliza kama waliifua wenyewe. Lakini yuko maskini ambaye hana faranga hata moja, naye huona haya kwenda arusini au kumtazama mgonjwa kwa sababu hana kitu cha duka. Huyo asikilize habari za Hana.

Hana alikuwa mke wa Elkana. Alikaa siku nyingi bila mtoto, akamwomba Mungu kwa machozi, akapewa Samweli. Alipomwachisha kunyonya akamtoa kwa Mungu, akamwacha Silo, katika nyumba ya Bwana, pamoja na kuhani Eli. Tangu hapo alimwona mwanawe kila mwaka, wakati wa kupanda kwenda kutoa sadaka. Na Maandiko Matakatifu yasema kwamba kila mwaka alimfanyizia kanzu ndogo, akampelekea. Fikirini kazi hiyo. Mtoto yuko mbali, anakua, na mama hana mwili wa kupimia. Mabega yamepanuka kiasi gani? Mikono imefika wapi? Hana budi kuwatazama watoto wa jirani wenye umri wa Samweli, na kukumbuka, na kukisia, na kumwombea. Kanzu ile haikuwa kitu kikubwa machoni pa watu wa Silo. Walakini mtoto aliyeivaa alijua kwamba mwaka mzima hakusahauliwa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, yuko mwanamke mwingine, Tabita wa mji wa Yafa. Alipokufa, wanafunzi walituma watu kumwita Petro, aliyekuwa Lida, karibu na hapo. Petro alipopanda chumbani, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozifanya Tabita alipokuwa pamoja nao. Hawakutoa hotuba juu ya wema wake. Walishika nguo tu. Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akasali, na Tabita akafufuka.

Bwana wetu naye alivaa kanzu iliyofumwa nzima tangu juu, isiyokuwa na mshono. Wengi husema kwamba Mama yake ndiye aliyeifuma. Injili yenyewe haisemi. Lakini Yohane asema kwamba askari waliomsulibisha hawakutaka kuipasua, wakaipigia kura.

Sasa rudini tena katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, kwa maana hapo pana jambo ambalo wasomaji hulipita upesi. Adamu na Eva wamekwisha kumkosea Mungu. Wamejificha, wametupiana lawama, wamehukumiwa. Na kabla ya kuwatoa bustanini, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Zawadi hiyo hawakuistahili. Waliipewa siku ileile ya kosa lao. Watu hupenda kusuka na kushona kwa ajili ya wale wanaowapenda, na hilo ni jema. Mungu alimfanyia nguo yule aliyemwasi.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu vijijini. Tuseme yuko mwanamke mkatekumeni ambaye hawapatani na mama mkwe wake. Amesikia mafundisho, amenuia kupatana, akasuka mkeka mzuri wa ukindu, akampelekea. Mama mkwe akautazama mkeka, akatazama hasa pindo lake, asiuguse. Akasema, “Mwanangu, chukua mkeka wako. Mimi ni mzee, sitaki kulala juu ya kitu nisichokijua.” Kila mtu kijijini anafahamu maana ya maneno hayo. Anaogopa dawa iliyofichwa ndani ya pindo.

Mwanamke huyo angeweza kukasirika, na majirani wangempa haki. Angeweza kuutupa mkeka na kuacha mafundisho, akisema kwamba njia ya Wakristu haina faida. Lakini asimcheke mama yule, wala asimwite mpagani. Hofu hiyo amefundishwa tangu utoto, na pengine amezika watoto ambao watu walisema wamelogwa. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa maneno matatu.

Ikiwa ana akili na upole, mwanamke huyo atautandika mkeka nyumbani mwake mwenyewe, aulalie. Kisha atakata ukindu mpya, auanike, na asubuhi moja atakwenda na chane zake mpaka kizingitini pa mama mkwe, na kusema, “Mama, naomba nisukie hapa, nyumbani kwangu jua limezidi.” Na atasuka mbele ya macho yake, siku baada ya siku, kila uzi ukionekana, pindo likikunjwa mchana mweupe. Labda siku ya tatu mzee atasema kwamba chane zile ni pana mno, na kwamba zamani walizipasua nyembamba zaidi. Labda atanyosha mkono kuonyesha. Labda hatasema neno. Upendo hauna amri juu ya moyo wa mwingine. Lakini zawadi isiyoficha kitu imekwisha kutolewa, hata kabla mkeka haujaisha.

Na ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, ambao mtamkataa Shetani mbele ya watu wote, msitie kamwe katika kazi ya mikono yenu kitu cha siri: wala unga wa mganga, wala nywele, wala nuizo baya. Msitie hata deni. Wako watu wanaotoa kuku leo huku wakihesabu mbuzi wa kesho. Hiyo ni biashara, na biashara si dhambi, lakini isiitwe zawadi.

Wala mtu asilete kazi mbovu akisema, “Mungu hutazama moyo.” Nabii Malaki aliwakemea watu waliomletea Mungu mnyama kipofu na kilema, hali wazima wamebaki zizini. Kikapu kinachovuja unga hakimpendezi bibi kwa sababu tu mjukuu amekisuka. Kifumuliwe, kisukwe tena.

Tazameni pia Misa. Hatupeleki altareni ngano na zabibu kama zilivyotoka shambani. Twapeleka mkate na divai, yaani vitu vilivyopita mikononi mwa watu, vilivyosagwa, vilivyokandwa, vilivyokamuliwa, na Padri hulitaja jambo hilo wazi anapovitolea. Mungu angeweza kuchagua maji ya mtoni tu na matunda ya mwituni. Alipenda tuweke kazi yetu humo, ndipo Kristu aigeuze kuwa Mwili wake na Damu yake.

Kwa hiyo akiwapo mkatekumeni anayetaka kuahirisha Ubatizo kwa sababu hana nguo nyeupe ya dukani, ajue kwamba Kanisa haliulizi bei. Baada ya maji, msimamizi humvika vazi jeupe, ishara ya kwamba amemvaa Kristu. Kitambaa chepesi kilichoshonwa kwa sindano na dada yake, au na msimamizi mwenyewe, chatosha kabisa. Jambo moja tu: anayeshona na aulize mapema upana wa mabega na urefu wa mwili, maana Hana alikuwa na mwaka mzima wa kukisia, lakini katika mkesha wa Pasaka hakuna nafasi ya kufumua na kushona upya.