Shahidi Asiyeitwa

Wanaanga wa Apollo walitua Mwezini mara 6 kati ya 1969 na 1972, wakarudi na kilo 382 za mawe na udongo. Tunajua kila jiwe liliokotwa wapi na lini. Ni ushahidi wa kuaminika. Lakini nani alichagua pa kutua? Waliopanga safari walitaka salama, kwa hiyo vituo vyote viko upande unaotuelekea, vingi si mbali na ikweta ya Mwezi. Namfikiria mtafiti anayefika kijijini kwa gari akahoji nyumba za kando ya barabara tu.

Mwaka 1982, kwenye barafu ya Antaktika, kiliokotwa kimondo cha gramu 31 ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa kipande cha Mwezi. Mgongano mkubwa ulikirusha huku, hakuna aliyekiagiza. Tangu hapo vimepatikana vingine mamia, hasa Sahara na jangwa la Oman. Vingi vina thoriamu kidogo sana kuliko mawe mengi ya Apollo. Kumbe elementi hiyo imejikusanya upande ule ule tuliotembelea, na sehemu tuliyoidhani ni sura ya Mwezi mzima ni ya pekee. Dhofar 489 ya Oman, ambayo wanasayansi wanakisia ilitoka upande wa nyuma, ina mwamba mweupe wenye magnesiamu nyingi kuliko ule wa Apollo. Ile hadithi kwamba Mwezi mchanga ulikuwa bahari ya miamba iliyoyeyuka, ikaganda sawasawa kila mahali, ikaanza kuyumba.

Basi nimwamini nani? Moyo wangu unaelekea kwa shahidi asiyeitwa, maana hakuna aliyemchagua ili amridhishe. Ila hajui kwao: hatuwezi kutaja shimo alilochomoka. Tena alitambuliwa kwa kulinganishwa na mawe ya Apollo; bila wale walioitwa, angebaki jiwe tu. Na hata bahati ina barabara zake. Jiwe jeusi huonekana kwenye barafu na mchanga. Lililoangukia msitu wa Kongo au Bahari ya Hindi halihesabiwi.

Juni 2024 chombo cha China, Chang'e-6, kilileta karibu kilo 2 kutoka upande wa nyuma, mara ya kwanza kwa binadamu. Nilifurahi, kisha nikatafuta ramani nione walitua wapi, na kwa nini hapo.