Kusagisha si kuchambua: Nani anakagua tunachokiamini?



Niliombwa na madrasa moja ya hapa kwetu Butimba nitengeneze kwa kompyuta vyeti vya watoto waliohifadhi juzuu. Kila jina liandikwe mara mbili, kwa herufi za Kilatini na kwa Kiarabu. Nikapata kijiprogramu kinachopokea orodha ya majina na kuliandika kila jina juu ya cheti. Kwa Kilatini yalitoka vizuri. Kwa Kiarabu ulikuwa msiba: herufi zimeachana, kila moja imesimama peke yake, tena zimepangwa kuanzia kushoto. Jina la Khadija halikusomeka kabisa.

Nikamwita kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta mjini. Akanieleza kwamba herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kwa kutegemea mahali ilipo katika neno, na kompyuta hailijui hilo mpaka iwekewe “maktaba” inayoifanya kazi hiyo. Maktaba hapa si ya vitabu. Ni fungu la programu lililoandikwa mara moja ili programu nyingine zilitumie.

Tuliyoihitaji inaitwa Raqm, neno la Kiarabu lenye maana ya maandishi na pia tarakimu. Haki yake ya kunakili ya mwaka 2015 ni ya Mamlaka ya Teknolojia ya Habari ya Oman, na kuanzia 2016 ni ya Khaled Hosny, mtaalamu kutoka Misri. Nayo inaegemea maktaba nyingine, zikiwemo FriBidi inayopanga mwelekeo wa maandishi na HarfBuzz inayochagua maumbo ya herufi. Zote hutolewa bure pamoja na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe aliyoyaandika mtaalamu, ili anayetaka ayasome.

Kijana akaamua kuijenga kutoka kwenye msimbo huo. Kwa mfano wa nyumbani, msimbo chanzo ni mahindi, kompaila ni mashine ya kusaga, na kinachotumiwa na kompyuta ni unga. Unaweza kununua unga dukani, au ukapeleka mahindi yako mashineni. Mara ya kwanza kazi ilikwama kwa sababu FriBidi haikuwemo. Akaiweka. Ikakwama tena, safari hii inadai HarfBuzz. Mara ya tatu mistari ikapita mpaka mwisho, na Khadija akasomeka. Alhamdulillah.

“Kujenga mwenyewe ndiyo usalama, ustadhi,” akasema. “Huli unga wa mtu.”

Nikamuuliza: “Huo msimbo umeusoma?”

Akacheka. “Hata mstari mmoja.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo swali langu. Anayepeleka gunia mashineni bila kuchambua, mawe na mahindi vitasagwa pamoja. Kusagisha si kuchambua. Je, kitu kikiachwa wazi ili kila mtu akikague, na kila mtu akadhani mwenzake amekwisha kikagua, hiyo ni imani au ni uzembe tulioupa jina zuri?

Hili si jambo la kufikirika. Ipo maktaba iitwayo XZ, inayofinya mafaili ili yachukue nafasi ndogo, na imo katika mifumo mingi ya Linux duniani. Kwa miaka mingi iliangaliwa kwa kujitolea na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin. Kuanzia 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan. Akaleta masahihisho, akasaidia, akazoeleka, mwisho akakabidhiwa funguo. Mapema mwaka 2024 yakatoka matoleo mawili yenye mlango wa siri ndani yake. Na angalia hila yake: hatua ya kuuamsha mlango huo haikuwemo kwenye msimbo uliowekwa hadharani. Iliwekwa katika maelekezo ya ujenzi ndani ya kifurushi. Aliyejenga mwenyewe kutoka kwenye kifurushi kile hakuwa na usalama wowote kwa kule kujenga tu.

Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa somo hili. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Wanachuoni wa Hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza yamepokewa kutoka kwa nani, na huyo ni mtu wa namna gani. Mpokezi asiyejulikana walimwita majhul, na hawakujengea hoja juu yake. Jia Tan alikuwa majhul. Hakuna aliyejua ni nani, hata kama jina hilo ni lake.

Atasema mtu: mimi muuza duka wa Mwanza, nitasoma msimbo saa ngapi? Ni kweli, hakuna awezaye kukagua kila kitu. Hata anayesoma msimbo wote bado anaiamini kompaila, na Ken Thompson alikwisha onesha mwaka 1984 kwamba kompaila yenyewe inaweza kufanywa ikasaliti. Lakini sheria yetu ina jibu: fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika. Ikikosa mtu kabisa, dhambi ni ya wote. Kosa la XZ si la msaliti peke yake. Wapo pia wote walionufaika huku mtu mmoja akiachiwa mzigo.

Jioni ile nilikaa kusaini vyeti. Saini yangu inashuhudia kwamba mtoto huyu amehifadhi. Nikashtuka: orodha niliipokea kwa mtu, na sikumsikiliza mtoto hata mmoja. Nilimcheka kijana wa watu kwa kutosoma mstari mmoja, kumbe mimi nilikuwa karibu kutoa ushahidi nisioujua! Nikaweka kalamu chini. Siku mbili zilizofuata, baada ya Alasiri, nikawasikiliza mmoja mmoja. Wawili walikuwa bado. Vyeti vyao vinawasubiri, inshaallah.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, walimu na viongozi wa misikiti: vijana wetu wengi wanajua kusakinisha, wachache wanajua kusoma kilichomo. Tuwasomeshe baadhi yao kazi hiyo, na tusiwaache peke yao. Nimemwomba yule fundi awe anakuja Jumamosi kusoma msimbo na wanafunzi wangu wawili. Wataanza na Raqm, kwa kuwa ni ndogo.

Wabillahi tawfiq.

(Mwandishi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Butimba, Mwanza.)