Mpunga, Mchele na Haki ya Jasho

Lugha yetu ina majina matatu kwa nafaka moja: mpunga ukiwa shambani na ghalani, mchele ukishakobolewa, wali ukishapikwa. Twalifundisha jambo hili katika madarasa ya mwanzo, kisha twalipita. Lakini ndani ya majina hayo mna swali la haki: jasho la nani limo katika kila jina, na fedha ni za nani?

Tutazame Arua na Koboko, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2005. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpunga wa nchi kavu, hasa mbegu za NERICA, ulienezwa nchini Uganda, na wakulima wadogo wa West Nile nao wakaupokea. Mpunga huo hauhitaji majaruba ya maji, lakini wadai palizi ya mara kwa mara, na ndege hawana budi kuamiwa tangu punje zinapoanza kujaa. Kazi hizo, pamoja na kupeta, huwaangukia zaidi wanawake na watoto. Ardhi nayo, kwa mila za Walugbara na Wakakwa, hurithiwa kwa upande wa kuumeni. Na gunia lifikapo sokoni, mara nyingi mwenye ardhi ndiye apokeaye fedha.

Wataalamu wapimapo mgawanyo wa mapato, aghalabu huihesabu kaya kana kwamba ni mtu mmoja. Kipimo hicho chafaa, kwani huonyesha jinsi awezaye kungoja bei ipande anavyomwacha nyuma yule auzaye siku ya mavuno kwa kubanwa na karo. Lakini hakioni ndani ya mlango.

Yupo atakayesema: baba ndiye alipaye karo na matibabu, hivyo fedha ni za wote. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kutumiwa kwa faida ya wote si sawa na kuamuliwa na wote. Agawiwaye kwa hisani aweza kunyimwa kesho, wala asiwe na pa kulalamika. Agawiwaye kwa haki ana la kudai.

Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walinena. Hawakusema kwamba mmoja achume juani na mwingine alie kivulini. Basi, walimu wenzetu, tufundishapo methali hiyo tusiishie kwenye bidii na subira. Tuwaulize wanafunzi, ambao baadhi yao wameamia ndege kabla ya kuja shuleni: nyumbani kwenu, ni nani achumaye, na ni nani alaye?