Mtu Mbele ya Daftari: Usajili wa Vizazi na Vifo katika Milima ya Uluguru

Usajili wa kizazi ni kauli ya mamlaka kwamba mtu fulani yupo tangu siku fulani, mahali fulani, na wazazi wake ni fulani na fulani. Usajili wa kifo ni kauli kwamba mtu huyo hayupo tena. Watu huzaliwa na kufa bila kungoja kauli hizo, na hapo ndipo linapotokea swali ambalo wanasheria huliruka na wanafalsafa hawana budi kulikabili: daftari linaongeza nini juu ya uhai wenyewe? Katika Mkoa wa Morogoro, hasa vijiji vya milima ya Uluguru, swali hili lina uzito wake, kwa kuwa huko mtu hutambuliwa na mamlaka zaidi ya moja. Ukoo unamtambua, parokia au msikiti unamtambua, na Serikali nayo inataka kumtambua. Kila mmoja ana swali lake la kumwuliza.

Swali la Serikali ndilo fupi kuliko yote. Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kizazi kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 90, kifo ndani ya siku 30. Mtoto aliyezaliwa zahanati au hospitali hupewa tangazo la kizazi. Aliyezaliwa nyumbani, taarifa zake hupitia kwa mtendaji. Tangazo hilo si cheti, na wazazi wengi hulitunza miaka na miaka wakidhani kazi imekwisha. Anayechelewa kupita siku 90 bado husajiliwa, lakini aliyevuka miaka 10 ombi lake husubiri kibali cha Msajili Mkuu, nalo liambatane na vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, cheti cha ubatizo au cha falaki. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake.

Taratibu za namna hii hufanana duniani kote, tofauti ikiwa katika muda na katika milango ambayo karatasi inafungua. India, kwa sheria yake ya mwaka 1969, hutoa siku 21 kwa kizazi na kifo sawasawa. Marekebisho ya mwaka 2023 yamefanya cheti cha kuzaliwa kiwe ndicho kithibitisho cha tarehe na mahali pa kuzaliwa kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023, awe anatafuta shule, leseni ya udereva au nafasi katika orodha ya wapiga kura. Kadiri milango inavyoongezeka, ndivyo asiye na cheti anavyozidi kuwa mtu nusu machoni pa ofisi, ingawa mwilini hajapungukiwa kitu.

Daftari la Tanganyika lilianza kwa ubaguzi. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1920, lazima ya kuandikisha vizazi na vifo iliwahusu watu wasio Waafrika. Wenyeji waliingizwa polepole, wilaya kwa wilaya, na zaidi baada ya Uhuru. Hata hivyo Mluguru wa wakati huo alikuwa anaandikwa, tena kwa bidii: katika daftari la kodi. Mkoloni hakuwa na haja ya kujua mtoto amezaliwa lini, ila alitaka kujua mwanamume mzima anaishi nyumba gani. Jamii iliyoonja kuandikwa kwa njia hiyo, kisha mwaka 1955 ikaona polisi wakitumwa Matombo kuzima ghasia za kupinga kilimo cha matuta cha kulazimishwa, haiwezi kulaumiwa kwa kutoiona kalamu ya Serikali kama baraka. Siku za kuzaliwa zilishikiliwa na matukio yenyewe: mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, mwaka wa fujo za matuta. Kalenda hiyo haitoi tarehe, lakini inamweka mtu katikati ya watu wenzake, jambo ambalo tarehe peke yake haiwezi.

Ukoo hauna haja ya tarehe. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama: mtoto ni wa lukolo (ukoo) la mama yake, na ndani ya lukolo ni wa tombo fulani, tawi la ndugu wanaotokana na bibi mmoja. Upande wa baba haukutupwa, kwani mtu hubeba pia mtala, jina linalotoka katika ukoo wa baba. Ardhi ya milimani kwa jadi iko mikononi mwa ukoo, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo swali linalomsubiri mtoto wa Kiluguru ni la mahali pake: ametoka tumbo la nani, atalima wapi, nani atasimama kwenye msiba wake. Hapa fomu ya Serikali inafanya jambo ambalo hakuna aliyeitaka ilifanye. Ina nafasi ya jina la mama na la baba, haina nafasi ya lukolo; na kwa mazoea ya nchi, jina la mtoto hufuatwa na la baba, kisha la babu wa upande huo huo. Mjomba hana mstari wake. Bila mjadala wowote wa kijiji, karatasi inahamisha nasaba kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kizazi kinachosomeshwa kwa karatasi hizo hukua kikijua ubini wake kuliko ukoo wake.

Si haki, hata hivyo, kuusifu ukoo kana kwamba kumbukumbu yake ilimpokea kila mtu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, mwaka 1877, walijenga vijiji vya Kikristo ambavyo wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa watumwa waliokombolewa. Hao hawakuwa na mjomba wa kuwasemea. Kitabu cha ubatizo kiliwapa jina, tarehe, na wasimamizi wa kusimama mahali pa ndugu. Kwa mtu aliyenyang'anywa nasaba, mstari mmoja katika kitabu cha padre ulikuwa mwanzo wa kuwa mtu wa mahali fulani.

Kitabu hicho cha parokia kina utaratibu wa kutazamwa kwa karibu, maana kwa jambo moja kinaishinda Serikali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kiandikwe jina la mbatizwa, la aliyembatiza, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na mahali na siku ya kuzaliwa. Haiishii hapo. Pembeni mwa mstari huo huo huongezwa, miaka inavyopita, kipaimara, ndoa, upadre au nadhiri za utawa. Aliyebatizwa Matombo akafunga ndoa Ifakara, taarifa hutumwa Matombo iandikwe ubavuni mwa ubatizo wake. Daftari la Serikali humgusa mtu mara mbili, mwanzo na mwisho, na mara nyingi kurasa hizo mbili hazijuani. Kitabu cha parokia humfuata. Ndiyo maana RITA yenyewe, mtu mzima anapokosa ushahidi, hukubali kusikia kitabu hicho kinasemaje.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi pia katika wilaya za Morogoro, mtoto hupewa jina na kufanyiwa akika, siku ya saba ikiwa ndiyo iliyopendekezwa. Uandishi mkubwa uko kwingine: Sura Qaf inataja waandishi wawili, kuliani na kushotoni, wanaonakili kila neno la mja. Muumini anayejua kwamba ameandikwa huko ana sababu ya kutobabaishwa na kuchelewa kwa karani wa wilaya. Lakini dini hiyo hiyo haikudharau ushahidi wa duniani. Sura Al-Baqara inaamuru deni liandikwe mbele ya mashahidi, na Sura Al-Ahzab inaamuru watoto waitwe kwa baba zao, agizo ambalo Mluguru Mwislamu hulibeba pamoja na lukolo la mama yake, naye huishi na yote mawili bila kuona kwamba anajipinga.

Upo pia wasiwasi wa kale juu ya kuhesabu. Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawapendi kutaja idadi ya watoto wao, wakihofu kuwaita mauti. Biblia inaujua wasiwasi huo: Daudi alipoamuru watu wahesabiwe, katika Samweli wa Pili sura ya 24, taifa lilipigwa kwa tauni. Lakini kitabu cha Hesabu kinaanza kwa Mungu mwenyewe kuagiza hesabu, na Kutoka sura ya 30 inataka kila anayehesabiwa atoe fidia ya nafsi yake ili pigo lisiwafikie. Ukisoma sehemu hizo tatu kwa pamoja, swali linageuka: anayehesabu anataka kuwafanyia nini waliohesabiwa? Daudi alitaka kujua ana watu wangapi wa kushika upanga. Mkoloni alitaka kodi.

Morogoro ina jibu la aina nyingine, na si la kinadharia. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, iliendesha mradi wa AMMP katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, Wilaya ya Hai na sehemu za Dar es Salaam. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amefariki, kisha wakakaa na wafiwa na kuwauliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alikuwa anakohoa, alivimba miguu, mtoto alipata degedege? Kutokana na majibu hayo madaktari walikadiria sababu ya kifo cha mtu aliyezikwa bila kufika hospitali. Maelfu ya vifo ambavyo msajili wa vifo hakuwahi kuviona viliingia katika hesabu kwa njia hiyo. Mradi mwingine, TEHIP, ukazitumia takwimu hizo na za Rufiji kuwaonyesha viongozi wa wilaya kama fedha zao za afya zinafuata magonjwa yanayoua au zinafuata mazoea tu. Bajeti zikapangwa upya, malaria na magonjwa ya watoto yakapewa uzito wake, na katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Waliokufa walihesabiwa, walio hai wakapona. Ni vigumu kupata hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya hofu ya kuhesabiwa, na yafaa kukumbuka kwamba haikutokana na cheti hata kimoja.

Mtoto anayekufa mchanga ndiye anayezipima mamlaka zote. Katika jamii nyingi za Tanzania, kichanga cha siku chache kilizikwa na kina mama bila matanga, kana kwamba hakijamaliza kufika. Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, inaona vingine: mtoto akitoa sauti ya uhai, hata mara moja, anaoshwa, anasaliwa, na anaweza kurithi na kurithiwa. Kanisa Katoliki humruhusu mtu yeyote kumbatiza wakati wa hatari, kisha jina liandikwe. Sheria ya nchi nayo, kama fikihi, inamtambua kila aliyezaliwa hai, na kwa hiyo inadai maingizo mawili, la kizazi na la kifo. Katika hili sheria iko sawa na mazoea ya kumnyamazia yamekosea. Ila haielekei kwamba mama aliyetoka kuzika atashuka mlima kufuata vyeti viwili ambavyo havitamfungulia mlango wowote.

Kwa watu wazima, John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliandika kuhusu marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina, na akatumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza wanavyoishi. Marehemu yumo katika sasa maadamu yupo anayemjua kwa jina. Wa mwisho anayemjua akifa, yeye naye huzama katika zamani. Uluguru ina njia ya kuchelewesha kuzama huko. Jina la Kingalu, mtawala wa Kinole aliyesifika kwa mvua, halikuzikwa na mtu mmoja. Mrithi wa upande wa kike hulitwaa, na Kingalu anaendelea. Msajili angeshindwa kulijaza hilo katika fomu, maana kwake kila jina hufa na mwili wake. Nalo daftari lake lina kumbukumbu ya ajabu, ya kuhifadhi jina ambalo hakuna tena anayelijua.

Kwamba jina na mwili ni vitu viwili vinavyohitaji shahidi wa kuviunganisha, mji wa Morogoro ulijifunza kwa uchungu tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Baadhi ya miili haikutambulika, ikachukuliwa sampuli za vinasaba na kuzikwa katika makaburi ya Kola. Kufa kulikuwa dhahiri. Kilichokosekana ni wa kusema huyu ni nani, na bila hilo hakuna sheikh, padre wala msajili awezaye kuandika mstari ulio kamili.

Kwa kawaida shahidi huyo ni jirani, mjumbe, mkunga, mtendaji. Mnyororo mzima wa usajili unaanzia kwao, na ofisi hunakili tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamesajiliwa, na walio na cheti asilimia 14. Chanzo kikubwa kilikuwa umbali. Mkazi wa Mgeta, ambayo iko Wilaya ya Mvomero, hushuka hadi barabara ya Iringa, hupita Morogoro mjini, kisha hushika barabara ya Dodoma kwenda makao makuu ya wilaya yake. Mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, na baadaye kufika Morogoro, ulisogeza kazi kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, cheti kikaandikwa hapo hapo bila malipo kwa walio chini ya miaka mitano. Waliokataa kuandikisha walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa. Wengi walikuwa hawajafikiwa.

Vifo vimebaki nyuma, kwa sababu inayoeleweka. Maziko milimani ni ya leo au kesho, na shamba la ukoo halihitaji cheti cha kifo ili mpwa alilime. Haja huja baadaye, tena kwa mtu mwingine. Yatima anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ili asome Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Mzumbe hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi, vyote vimehakikiwa na RITA. Baba alizikwa kijana huyo akiwa darasa la pili. Kijiji kizima kilikuwepo. Matanga yalianuliwa na arobaini ikasomwa. Sasa kijana anatafuta barua ya mtendaji, ambaye amehamia juzi, na wazee wawili wa kuthibitisha, huku dirisha la maombi likihesabu siku. Ofisi ina haki ya kuogopa udanganyifu, kwa kuwa wapo wanaowaua wazazi wao kwenye makaratasi ili wapate fedha. Lakini aliyeachwa na mzigo wa kuthibitisha ndiye pekee ambaye siku ya kifo alikuwa mtoto na hakupaswa kutoa taarifa yoyote. Mtendaji wa siku hiyo alikuwepo msibani, na kalamu alikuwa nayo.